Hatua Tisa Kutoka Mtoni

Kando ya Mto Missouri
4 Oktoba 1911

Kwa Shangazi Mahala,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limepunguza kelele. Sisi huku hatujambo, isipokuwa Emil, mume wangu, ametumbukiza mguu kwenye pipa la kabichi ya kuchachusha. Hakuumia. Tatizo ni mama yake: amekataa kuimwaga ile kabichi, anasema chumvi inaua kila kitu. Kwa hiyo majira haya ya baridi mimi nitakula mkate mtupu. Binti yetu Klara ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa kila akiimba kanisani anapiga mluzi.

Haya, nije kwenye lililonikalisha mezani. Mto unatula. Mwezi wa saba ulimega hatua kumi na mbili za ukingo kwa siku moja, na mti wa jozi ukaondoka umesimama wima kama mtu anayekwenda zake sokoni. Kaburi la Babu Zadok sasa liko hatua tisa kutoka majini. Nimezipima mwenyewe, na miguu yangu si mirefu.

Najua unavyosema, Shangazi. Nilipokuja huko Tennessee nikiwa na miaka kumi na miwili, ile Siku ya Kupamba Makaburi, niliona jiwe kwa macho yangu: "Zadok Quillen, askari. Hapa amepumzika." Nikafungua mdomo niseme, "Mbona amepumzika kwetu pia?" Mama akanifinya mpaka nikaona nyota. Lakini sisi wa huku tumeambiwa tangu utotoni kwamba mzee alihamia Missouri na mwanawe wa mwisho, ambaye ndiye babu wa baba yangu, akafia hapa mwaka 1831, akazikwa chini ya ule mti wa jozi ambao sasa hatunao.

Nataka kumtoa kabla mto haujamtoa, nimlete huko alale kando ya mkewe, Bibi Tabitha. Emil na kaka zake wako tayari kuchimba. Ila wameniuliza swali moja, nami sina jibu: "Tunamchimba nani, ikiwa jamaa zako wa Tennessee wanaye tayari?"

Nijibu upesi.

Mwanao,
Ozella

*

Bonde la Powell, Tennessee
29 Oktoba 1911

Ozella mwanangu,

Marahaba. Goti linaendelea na hotuba yake. Juzi tumepika matofaa kwenye sufuria kubwa uani, tangu alfajiri mpaka yakawa meusi ya kupakwa mkate, na kaka yangu Pleasant aliyepewa kazi ya kukoroga akasinzia amesimama. Yakashika chini. Nimempa yeye mitungi yote iliyoungua, na ale mpaka Pasaka. Nguruwe mkubwa tutamchinja baridi ikikaza. Mwambie mama mkwe wako amesema kweli kuhusu chumvi, lakini nisingekula.

Sasa hilo lako. Zadok Quillen yuko hapa. Alipigana vita vya kumfukuza mfalme wa Uingereza akiwa na miaka ishirini na mitatu, akarudi akajenga ngome ya magogo, akalishika bonde hili (Wacherokee, wenyeji waliokuwa nalo, mhubiri huwaruka kila mwaka katika mahubiri yake, na hakuna anayemkumbusha), na kaburi lake liko mlimani nyuma ya nyumba yangu. Nimelipamba kila Mei tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Natengeneza maua ya karatasi mwenyewe, nayachovya kwenye nta yasilowe. Watu mia mbili wanapanda kilima hiki na vikapu vyao vya chakula. Unadhani wanampandia nani, paka?

Huyo wenu atakuwa mchuuzi wa sufuria. Zamani walikuwa wakifa njiani kila mahali, na watu wema waliwazika. Mwacheni apumzike.

Mimi shangazi yako,
Mahala

Hizo hatua tisa ulipima kuanzia kichwani au miguuni?

*

Kando ya Mto Missouri
20 Novemba 1911

Kwa Shangazi Mahala,

Shikamoo. Pole na matofaa. Emil amecheka habari za kaka yako Pleasant mpaka akakaa chini. Anasema hatimaye amempata ndugu wa damu katika ukoo wangu.

Nilipima miguuni, na sasa ni hatua saba.

Shangazi, mchuuzi gani wa sufuria? Huku mzee huyu tunamwita Babu Mguu-wa-Mti, maana alitembelea gongo badala ya mguu wa kulia. Bibi yangu alisimulia kwamba kila siku alilalamikia vidole vya ule mguu ambao hana. Eti vimepandana, vinamchoma, na mtu asipoamini anarushiwa kikombe. Halafu majira ya kupanda ya mwaka 1822 akaamka siku moja, kimya. Hakulalamika tena mpaka kufa. Alikuwa akiwaambia watu hewa ya Missouri ndiyo iliyomponya.

Na kuna jambo jingine. Nilikuwa natafuta tarehe zake kwenye Biblia ya babu, ikadondoka karatasi iliyokunjwa mara nne. Nakunakilia yote, si ndefu:

"Bonde la Powell, Februari 1822. Zadok, barua yako imefika. Watoto wazima, ng'ombe mwekundu amezaa. Unaniomba nikuchimbulie mguu nikunyooshee vidole. Sikuugusa mguu wako, na sitaugusa. Ukikuuma, njoo uunyooshe mwenyewe. Njia unaijua. Tabitha."

Makubwa haya, Shangazi! Mguu gani aliotakiwa auchimbue? Nakuuliza kwa heshima zote: chini ya lile jiwe lako kuna nini?

Mwanao,
Ozella

*

Bonde la Powell
15 Desemba 1911

Ozella mwanangu,

Marahaba. Theluji imetuzika mpaka dirishani. Kuku wangu mweupe amehamia ndani, anataga kwenye kofia ya marehemu mume wangu, nami nimemwachia kwa kuwa marehemu haihitaji. Nguruwe alikuwa mnono. Pleasant amekatazwa ugoro na daktari, kwa hiyo sasa anaiba wangu. Nakutumia soksi za sufu: jozi moja yako, moja ya Klara, na ya Emil nimeiongeza urefu kwa sababu umeniambia ni mtu wa kutumbukia.

Wanangu wote watatu wameandika. Wa Oklahoma amenunua ng'ombe. Wa Texas ana mtoto mwingine ambaye sijamwona, kama nilivyochelewa kuwaona waliomtangulia. Watakuja Mei, wanasema, kwa Siku ya Kupamba. Huwa wanakuja Mei tu.

Mambo ya wafu tuwaachie wafu. Mimi sijui habari za mguu.

Shangazi yako,
Mahala

Hatua ngapi?

*

Kando ya Mto Missouri
28 Januari 1912

Kwa Shangazi Mahala,

Shikamoo. Asante kwa soksi. Tano.

Barafu imeushika mto kwa sasa, ndiyo maana hazijawa mbili. Ikiyeyuka mwezi wa tatu, Emil anasema hatutakuwa na la kupima. Kaka zake wamekataa kuchimba. Wanasema hawavunji jembe kwenye udongo wa barafu kwa ajili ya mchuuzi wa sufuria, kwa kuwa mimi mpumbavu niliwasomea barua yako mezani.

Sijakukosea adabu kamwe, Shangazi, na leo sianzi. Lakini hukutaka kujibu, na unaniuliza hatua ngapi. Mtu asiyejali haulizi. Kama ni yeye, sema neno moja nimtoe. Kama hutaki kusema, basi, nitasimama ukingoni nimwangalie akienda na maji, na sitakuandikia tena kuhusu jambo hili. Nimesikitika sana.

Ozella

*

Bonde la Powell
11 Februari 1912

Ozella, mwanangu,

Umenikasirikia na umefanya vizuri. Barua yako nimekaa nayo siku nne kwenye mfuko wa aproni. Leo nimemtuma Pleasant kwa jirani, nimefunga mlango, nakuandikia. Kuku peke yake ndiye shahidi.

Ni mguu. Chini ya lile jiwe kuna mguu.

Nilisimuliwa na bibi yangu Jemima, binti wa Zadok na dada wa huyo babu wa baba yako, miaka miwili kabla hajafa, na akaniapisha kwa Biblia. Vita vyote vile vya mfalme, risasi haikumgusa mzee. Ngome, miaka kumi ya kulala na bunduki, haikumpata hata homa. Mwaka 1811 jirani akaalika watu kuinua ghala la mbao, gogo likateleza, likamsaga mguu chini ya goti. Wakaukata kwa msumeno wa nyama. Wanaume wakabaki wakimshika, Jemima akatumwa kuuzika. Unajua mwenyewe kwetu mguu unazikwaje: unanyooshwa, vidole juu, la sivyo mwenyewe hapati raha popote aendapo. Jemima alikuwa msichana, anatetemeka, analia, na sanduku lililokuwapo ni la mishumaa. Fupi. Akaupinda mguu, akaushindilia, akapigilia kifuniko. Baba yake alipozinduka akamuuliza, "Umeulaza vizuri?" Akajibu, "Ndiyo, baba."

Vidole vikaanza kumchoma usiku uleule. Miaka saba mzee akalaumu hali ya hewa, Jemima akanyamaza.

Mwaka 1818 akataka kuhama. Alikuwa mtu wa namna hiyo: akiona moshi wa nyumba ya tatu, anasema nchi imejaa. Bibi Tabitha alikuwa amemfuata Carolina, akamfuata Watauga, akamfuata hapa. Safari hii akamwambia, "Mashamba matatu nimefyeka na wewe, Zadok. La nne fyeka mwenyewe." Yeye akadhani ni mzaha. "Utabakije bila mume?" Tabitha akanyoosha kidole mlimani: "Ninaye wa kunitosha, na huyo hahami." Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake, huyu wetu alikula mmoja tu, na uliobaki ukamfikisha Missouri.

Ndipo ikaja barua yake ya kuomba anyooshewe vidole. Jemima alipoisikia ikisomwa akaanguka magotini, akamwambia mama yake kila kitu. Tabitha akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Acha vimuume. Labda vitamrudisha." Akamwandikia hayo uliyonakili. Havikumrudisha. Habari ya kifo ilipofika, akachongesha jiwe, akalisimika juu ya mguu, akawatazama majirani mmoja mmoja usoni. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Waliojua wakafa nalo. Tuliozaliwa baadaye tukapanda kilima na maua.

Sasa utaniuliza kwa nini mimi nilikuongopea. Nitakwambia, na usinicheke. Wanangu hawanifuati mimi hapa, wanalifuata kaburi. Siku ile moja ya Mei nyumba hii inajaa, nasukumwa jikoni kwangu, wajukuu wananikanyaga, na mwaka uliobaki naishi na kuku. Nikafikiri, bonde likijua kwamba kwa miaka themanini limekuwa likiupigia saluti mguu uliosagwa na gogo, watacheka mpaka Virginia, na mwaka ujao nani atapanda kilima? Niliogopa, Ozella. Mzee mzima nikaogopa. Nikamwacha babu yangu mwenyewe aende na mto ili mimi nipate wageni.

Chimbeni. Mkikuta miguu miwili, ni mchuuzi wa sufuria, na bado mtoeni, maana nimeaibika na maneno yangu. Mkikuta mmoja, wa kushoto, ni wetu. Wa kulia ninao hapa.

Mwambie Emil nitamlipa kwa mitungi ya matofaa. Isiyoungua.

Mahala

*

Kando ya Mto Missouri
3 Machi 1912

Kwa Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena. Sikucheka. Nililia, kisha nikamsomea Emil, akacheka yeye, kisha akachukua jembe.

Mmoja. Wa kushoto.

Walichimba siku mbili kwa kuwasha moto juu ya udongo ili ulainike. Ubao wa jeneza ulikuwa umeoza, lakini mifupa mizuri, mikavu. Mguu wa kulia umekoma gotini, umekatwa vibaya kama mtu aliyekata kuni akiwa na haraka. Kando yake lilikuwa limelazwa lile gongo, la mti wa jozi, limelika upande mmoja kwa kutembea. Kaka mkubwa wa Emil, yule aliyekataa kabisa, ndiye aliyevua kofia wa kwanza. Wakasema sala yao kwa Kijerumani. Nadhani Babu hakuelewa kitu, ila amesikia mengi ya ajabu zaidi maishani.

Emil amemtengenezea sanduku la mwaloni. Niliuliza kama litatosha, akasema, "Refu la kutosha mtu kunyoosha miguu. Mmoja sasa, na mwingine akifika." Karani wa stesheni alitaka nijaze kilichomo. Nikaandika: "Mzee mmoja, pungufu." Akanitazama, nikamtazama, akagonga muhuri.

Mimi, Klara na Babu tutafika kwa treni wiki moja kabla ya Siku ya Kupamba. Na wewe huko utawaambia nini watu? Usipotaka kuwaambia, Shangazi, tutamzika kimyakimya siku ya kawaida. Siri ni yako. Mimi nilichotaka nimeshapata.

Mwanao,
Ozella

23 Machi. Nilichelewa kuituma, kwa hiyo naongeza: jana barafu ilivunjika. Leo asubuhi nilikwenda kupima, na hakuna pa kusimama.

*

Bonde la Powell
19 Aprili 1912

Ozella mwanangu,

Marahaba, nyingi kadiri uwezavyo kubeba. Niliposoma kipande cha chini cha barua yako ilibidi nikae, nikamkalia kuku. Amepona. Kofia haikupona.

Kimyakimya, ng'o! Nimeshawaambia. Jumapili ya Pasaka nilisimama kanisani baada ya wimbo wa pili, nikasema yote: ghala, sanduku la mishumaa, Tabitha, mimi. Palikuwa kimya mpaka nikasikia goti langu. Halafu Mhubiri Tolliver akasema, taratibu sana, "Dada Mahala, miaka kumi na tisa mimi nimekuwa nikihubiri juu ya ugoko?" Nikamjibu, "Ugoko na kisigino, Mhubiri." Pleasant ndiye aliyeanza kucheka. Ukamfuata ule upande wa akina mama, halafu kwaya, na mhubiri mwenyewe akajifunika kwa Biblia, mabega yanamtikisika.

Walicheka wiki nzima. Watoto wananiuliza dukani, "Bibi, mguu haujambo?" Na unajua wangapi wamesema watakuja Mei? Mimi nimeacha kuhesabu. Watu wa mabonde ya mbali ambao hawana undugu nasi hata wa mbwa wanataka kumwona mzee akiunganishwa. Wanangu wanakuja wote. Huyu wa Oklahoma ameandika kwamba kwa kaburi la kawaida angefika siku yenyewe, lakini kwa hili atafika wiki mbili mapema, asaidie. Wiki mbili, Ozella! Nimeanza kufua mablanketi.

Sasa kaa chini. Kama umekaa, kaa vizuri zaidi.

Jana mimi na Pleasant tulipanda kuuchimbua mguu, uwe tayari. Niliogopa tutakuta vipande tu. Nilikwambia sanduku lilikuwa la mishumaa, fupi, na mguu umepindwa. Ndivyo Jemima alivyoapa, na bibi yangu hakuwa mwongo ila mara ile moja. Pleasant akachimba, jembe likagonga ubao, akasema, "Mahala, mbona refu?"

Si sanduku la mishumaa. Ni sanduku la mti wa mwerezi, refu kama mkono wangu wote, limeunganishwa vizuri kwa vigingi. Tukafungua. Mguu umelala umenyooka juu ya kipande cha blanketi, kisigino kimewekewa mto mdogo wa sufu. Vidole juu. Vyote vitano, kila kimoja mahali pake, na kati ya kila kidole na mwenzake kimechomekwa kijiti chembamba cha mwerezi kilichochongwa laini, visije vikapandana tena.

Pleasant akaniuliza nani amefanya hivi. Mimi nilikuwa nalia. Ukimtoa Jemima, kuna mtu mmoja tu aliyejua pa kuchimba na kwa nini.

Kwa hiyo ile barua ya Tabitha, "sikuugusa mguu wako na sitaugusa." Bibi wa miaka sitini na miwili, peke yake kilimani na jembe, udongo wa mwisho wa baridi, binti yake asijue, akachonga vijiti vinne. Na hakumwandikia. Miaka tisa aliyobaki nayo mzee, hakumwandikia.

Hewa ya Missouri, nyoo!

Mlete nyumbani, mwanangu. Vijiti sijavitoa, na sitamruhusu mtu avitoe. Na mkiwa kwenye treni, ukipata wasaa ambapo hakuna anayewatazama, inama kwenye sanduku umwambie ni nani hasa aliyemponya. Sema kwa sauti, maana alikuwa mbishi.

Shangazi yako,
Mahala